Ahadi za upinzani kwa Dar es Salaam: nani mwenye mamlaka ya kuzitekeleza?

Kampeni zikifika Dar es Salaam, ahadi zinajulikana hata kabla mgombea hajapanda jukwaani. Foleni itapungua, maji yatatoka kila siku, Jangwani hapatafurika tena, machinga hatasumbuliwa, taka zitazolewa. Wagombea wa upinzani huzisema kwa nguvu zaidi, na wana sababu: jiji limeongozwa na chama kilekile kwa sehemu kubwa ya miaka tangu uhuru, na shida zake kila mkazi anazijua. Sina ugomvi na ahadi hizo. Ninachotaka kufafanua ni lile lisilosemwa jukwaani: chama cha upinzani kikishinda kata, kikapata baraza la madiwani na meya, ni lipi kati ya hayo linaingia mikononi mwake, na lipi linabaki serikali kuu kama lilivyokuwa jana yake?

Jambo hili tumelishuhudia. Mwaka 2015 Dodoma ilikuwa makao makuu ya nchi kwa uamuzi wa 1973, lakini Ikulu na karibu wizara zote zilikuwa bado Dar es Salaam. Kulishinda jiji kulikuwa na maana ya kuishinda serikali nyumbani kwake. UKAWA, umoja wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, ukachukua majimbo 6 kati ya 10 ya mkoa na kupata madiwani wa kutosha kuziongoza Kinondoni na Ilala. Baada ya mabishano marefu kuhusu nani ana haki ya kupiga kura, hasa wabunge wa viti maalumu, na baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, Machi 22, 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA alichaguliwa kuwa Meya wa Jiji. Kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, upinzani ulikuwa umevaa joho la umeya wa jiji kubwa kuliko yote nchini.

Joho lile halikuja na mamlaka ambayo watu wengi walidhani linayo. Meya wa Tanzania hachaguliwi na wananchi moja kwa moja; huchaguliwa na madiwani wenzake. Anaongoza vikao vya baraza, lakini hasaini hundi, haajiri, hafukuzi. Mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mwenye watumishi, mikataba na akaunti. Baraza likipitisha azimio asilolipenda, anaweza kulichelewesha, na madiwani watabaki na malalamiko kwenye muhtasari wa kikao. Katika chaguzi za 2015 na 2020 mkurugenzi huyohuyo ndiye alikuwa pia msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

Juu ya mkurugenzi wapo mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, nao wateule wa Rais, ambao Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa hata uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa 48. Juu yao kuna waziri wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sheria ndogo yoyote itakayotungwa na baraza, iwe ya usafi, maegesho au ushuru wa soko, haina nguvu mpaka waziri aidhinishe. Na bajeti ya halmashauri hupanda mkoani, TAMISEMI, Hazina, kisha Bungeni, ndipo irudi kuwa fedha.

Kwa hiyo diwani wa upinzani aliyeahidi mageuzi anaingia katika chumba ambacho milango yake yote inafunguliwa kutoka nje.

Fedha ndiyo sehemu ambayo ufafanuzi unahitajika zaidi, kwa sababu ndiko mamlaka ya jiji yalikopungua bila wakazi wengi kugundua. Duniani kote kodi ya majengo ndiyo kodi ya asili ya mji. Nyumba haihami, thamani yake inapanda barabara na taa zinapofika, na anayelipa anaona kwa macho kodi yake imefanya nini mtaani kwake. Dar es Salaam ilikuwa na chanzo hicho. Mwaka 2016, miezi michache tu baada ya upinzani kuchukua halmashauri, ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Mwaka uliofuata ada za mabango ya matangazo nazo zikafuata njia hiyohiyo. Kuanzia 2021 kodi ya majengo ikawa inakatwa mkazi anaponunua umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi shilingi 1,500. Sisemi uhamisho huo ulifanywa kwa ajili ya kuwakomoa wapinzani peke yake, maana uligusa na halmashauri nyingi zilizokuwa chini ya CCM, na hoja ya serikali ilikuwa kwamba halmashauri zilikusanya vibaya. Lakini matokeo yake kwa mpiga kura ni yaleyale: alimchagua diwani, na kodi ya nyumba yake ikaenda kwa mtu asiyemchagua.

Kilichobaki ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na machinjio, kodi za vibanda. Si kidogo kwa Ilala, yenye Kariakoo na mabenki. Lakini hata hizo zina masharti. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya 2018, inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mgombea anayeahidi mikopo kwa vijana wa jiji anaahidi kitu ambacho tayari ni wajibu wa kisheria. Ahadi ya maana ingekuwa kusema itatolewaje na kurejeshwa vipi, kwa sababu mwaka 2023 serikali ililazimika kuisimamisha baada ya ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirudi, na ikaanza upya mwaka uliofuata kwa utaratibu mwingine.

Barabara nazo ziliondoka. Barabara kuu kama Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Mandela ni za TANROADS tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2000. Zile za mitaani zilikuwa za halmashauri hadi 2017, ilipoanzishwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, nayo ikachukua barabara, wahandisi na fungu lake, na baadaye hata ushuru wa maegesho. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yako chini ya wakala wa DART, ulio chini ya TAMISEMI. Nauli na njia za daladala hupangwa na LATRA. Maji ni DAWASA, na bei zake ni EWURA. Ukiweka hayo yote pamoja, foleni na maji, ahadi mbili zinazopigiwa makofi kuliko zote, hazimo kabisa katika uwezo wa meya.

Mtaro mmoja

Uchukue mtaro unaopita kando ya barabara ya mtaa pale Sinza na kumwaga maji Mto Ng'ombe, ambao nao huyapeleka Msimbazi, na Msimbazi huyatoa baharini pale Daraja la Salender. Masika yakianza, mtaro unafurika, maji meusi yanaingia vyumbani, na mkazi anampigia simu diwani. Aliyemwahidi ni yeye.

Barabara na mtaro ni vya TARURA. Majitaka yanayotoka kwenye chemba iliyofunguka ni ya DAWASA. Mto wenyewe upo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na anayepaswa kumshughulikia anayeuchafua ni NEMC, taasisi ya serikali kuu ya mazingira. Kingo za zege za Mto Ng'ombe zilijengwa kupitia DMDP, mradi wa mkopo wa dola milioni 300 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2015 na serikali kuu kuusaini, kabla uchaguzi ule haujafanyika. Nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa maji, kama ina hati, hati hiyo imetolewa na Kamishna wa Ardhi.

Lakini angalia kilichouziba mtaro: chupa za plastiki, nepi, mabaki ya sokoni, mchanga wa ujenzi uliomwagwa usiku. Taka ni kazi ya halmashauri, kwa mikono yake au kwa mkandarasi iliyempa zabuni. Kibali cha ujenzi cha ile nyumba iliyobana mkondo ni cha halmashauri. Mgambo wa kumkamata anayemwaga mchanga ni wa halmashauri. Gari lililotakiwa kuzoa taka mara mbili kwa wiki na likaja mara moja, mkataba wake umepita mbele ya kamati ya madiwani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na utetezi ambao wapinzani waliutoa baada ya 2015, kwamba walibanwa wakashindwa kufanya kazi. Walibanwa kweli, na nitaeleza jinsi gani. Ila taka, vibali na zabuni vilikuwa vyao. Jiji lina dampo moja kubwa rasmi, Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Gari linalotoka Mwananyamala hupoteza nusu ya siku njiani kwenda na kurudi, na ndiyo maana taka hulala mitaani. Chama kingeweza kuahidi kitu kidogo kinachopimika: vituo vya kukusanyia taka kabla ya kwenda Pugu, ratiba ya magari ibandikwe kila ofisi ya serikali ya mtaa, jina la mkandarasi na kiasi anacholipwa viwekwe wazi. Hakuna waziri angehitajika kwa hilo la ratiba. Mkazi wa Tandale angeweza kuuliza kila Jumatatu: gari limekuja au halikuja?

Ahadi ya namna hiyo haijazi uwanja. Nadhani ndiyo sababu haitolewi.

Suala la machinga lina somo lake. Kuwaondoa au kuwaruhusu wafanyabiashara wadogo barabarani ni kazi ambayo kwa sheria ndogo ingekuwa ya halmashauri, na karibu kila mgombea wa upinzani aliahidi kwamba mgambo hatawamwagia watu bidhaa zao. Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyogawiwa kupitia wakuu wa mikoa na wilaya. Mwenye kitambulisho hakutozwa ushuru mwingine na hakubughudhiwa. Kwa machinga ilikuwa nafuu kubwa, na hilo lazima lisemwe. Kwa halmashauri, mapato ya ushuru mdogo mdogo yalikatika na uwezo wa kupanga nani auze wapi ukaondoka pamoja nayo. Kisha mwaka 2021, chini ya Rais Samia, agizo likatoka juu kwamba wapangwe upya, na vibanda vikaondolewa Kariakoo na kwingineko. Ruhusa ilitoka juu na katazo likatoka juu. Katika mara zote mbili baraza la madiwani halikuwa ndilo lililoamua.

Yaliyotokea baada ya ushindi

Kuanzia 2017 wabunge na madiwani wa upinzani walianza kujiuzulu na kuhamia CCM, wengi wakitumia maneno yaleyale, kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais. Kwa sheria yetu anayehama chama hupoteza kiti na uchaguzi mdogo hufanyika. Jimbo la Kinondoni lilibadilika hivyo, Ukonga na Temeke vilevile. Ilala, wingi wa madiwani uligeuka na umeya ukarudi CCM. Januari 2020 Isaya Mwita akavuliwa umeya wa jiji katika kikao ambacho chama chake kilikipinga. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo CCM ilitangazwa mshindi katika majimbo yote ya mkoa.

Na Februari 2021 jiji lenyewe likavunjwa. Rais Magufuli aliifuta Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiunganisha manispaa tano, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Tangu hapo hakuna chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachoiangalia Dar es Salaam yote, kutoka Bunju hadi Chanika, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani humo. Haikuwa mara ya kwanza. Mabaraza ya miji yalifutwa kwa sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 yakarudi 1978. Mwaka 1996 baraza la Dar es Salaam lilivunjwa tena, safari hii likiwa chini ya CCM yenyewe, na Tume ya Jiji ikaongoza hadi 2000, zilipoundwa Ilala, Kinondoni na Temeke. Historia hiyo inaonyesha tatizo ni la zamani kuliko upinzani. Katiba, katika Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini sheria zinazozianzisha zinairuhusu serikali kuu kuyachukua madaraka hayo wakati wowote.

Majirani wamepitia njia tofauti. Uganda ililiandika wazi: marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliiweka Kampala chini ya serikali kuu, na sheria ya 2010 ikaunda KCCA, mamlaka ya jiji hilo, yenye mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Erias Lukwago, mpinzani, alichaguliwa Lord Mayor mwaka 2011 kwa kura za wananchi moja kwa moja, kitu ambacho meya wa kwetu hana. Akajikuta akivutana kwa miaka na Jennifer Musisi, mkurugenzi aliyekuwa na bajeti na watumishi, hadi madiwani walipopiga kura ya kumwondoa Novemba 2013, na suala likaishia kortini. Wananchi wakamrudisha 2016 na 2021. Kumchagua mtu moja kwa moja, kumbe, hakutoshi kama fedha na watumishi viko kwa mwingine.

Nairobi ni habari nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa gavana serikali yake, mawaziri wake wa kaunti na bajeti yake, na Ibara ya 209 inaipa kaunti kodi ya majengo. Evans Kidero wa ODM alipochukua Nairobi mwaka 2013, huku Jubilee ikiwa Ikulu, hakukuwa na mkurugenzi wa kuteuliwa wa kumsingizia. Alihukumiwa kwa kazi yake, na 2017 wapiga kura wakamwondoa. Hata huko hakuna kinga kamili: Februari 2020 gavana aliyefuata, Mike Sonko, alisaini kukabidhi afya, usafiri, ujenzi na mipango kwa serikali ya taifa, na mwanajeshi akawekwa kuongoza huduma za jiji hadi 2022. Tofauti ni kwamba ilihitajika saini ya gavana. Dar es Salaam haikuhitaji saini ya mtu yeyote aliyechaguliwa na wakazi wake.

Chama cha upinzani kinachotaka kweli kulibadili jiji kwa hiyo kina ahadi za aina mbili, na kosa la ilani nyingi ni kuzichanganya. CHADEMA imeinadi kwa miaka sera ya majimbo, yaani maeneo yenye viongozi wa kuchaguliwa badala ya wakuu wa mikoa wa kuteuliwa. Mtu anaweza kuipinga, wapo wanaohofia itachochea ukabila, lakini ndiyo sera pekee iliyougusa mzizi wa jambo hili. Shida yake ni kwamba inahitaji kubadili Katiba, na Katiba hubadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Kabla ya kufika huko yapo mengine mepesi zaidi: mkurugenzi aajiriwe kwa ushindani na awajibike kwa baraza, sheria ndogo zianze kutumika waziri asipojibu ndani ya muda uliowekwa, kuwe na mamlaka moja ya usafiri kwa manispaa zote.

Mimi ningeanza na kodi ya majengo. Iliondolewa kwa sheria ya kawaida, na kwa sheria ya kawaida inaweza kurudi, ikiambatana na sharti kwamba kila halmashauri itangaze imekusanya kiasi gani kata kwa kata na kimetumika wapi. Ila Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge wa kawaida kuleta pendekezo la kodi. Lazima litoke serikalini kupitia waziri. Mbunge wa Ubungo au Kawe anaweza kulipigia kelele Bungeni kila Juni wakati wa Muswada wa Fedha, na afanye hivyo, lakini hawezi kulipitisha. Ahadi hiyo ni ya mgombea urais, na yeye ndiye wa kubanwa nayo jukwaani akifika Dar es Salaam. Mgombea udiwani wa Kijitonyama aulizwe gari la taka litapita siku gani.